SOMO LA SAYANSI: MOTO KATIKA KIFUA, NA MASHINI INAYOFUNDISHWA KUUTAMBUA



Sisi wa kundi la biolojia na kemia tulipewa kazi ya kutayarisha somo la trimestri hii. Hatukutafuta mbali. Tulichukua jambo lililotokea kwetu katika internati, kisha tukauliza walimu, tukauliza muganga, tukasoma vitabu. Tunaomba musome mpaka mwisho, kwa maana mwisho wake kuna maswali ya kujibu.

1. JAMBO LILILOTUFANYA TUANDIKE

Mwenzetu mumoja (jina lake hatuandiki, lakini yeye mwenyewe alikubali tusimulie) alianza kusikia moto katikati ya kifua. Ulimushika usiku, na ulizidi wakati wa kumeza. Wenzake wa chumba wakamwambia: "Hiyo ni gastriti tu. Hapa Bunia kila mutu iko nayo." Yeye hakutaka kusumbua muganga. Akaomba mwanafunzi mumoja wa nje, mwenye telefone, aulize ile mashini inayojibu maswali, ambayo watu wanaiita akili bandia. Wakaandika: "Moto katika kifua, usiku, wakati wa kulala. Ni ugonjwa gani?"

Mashini ikajibu kwa adabu kabisa. Ilisema alama hizo zinafanana na ugonjwa wa asidi kupanda kutoka tumboni, ikataja dawa, na chini ikasema ni vizuri kuona muganga. Mwenzetu alisoma mwanzo wa jibu, mwisho wake hakuushika. Akachukua feza za kununua kaye, akanunua vidonge vya omeprazoli sokoni.

Siku nne zikapita, maumivu yakazidi. Hata bugali alishindwa kumeza, hata mate yalimuuma. Ndipo tulimupeleka kwa mama muganga anayetuangalia sisi wanafunzi. Mama huyo hakushika kwanza kipimo chochote. Aliuliza tu: "Mwanangu, wiki hii umemeza nini? Na ulimeza namna gani?"

Kijana akafikiri, akasema: "Mama, nilikuwa na jipu ku muguu. Nilimeza doksisiklini. Usiku. Nilikuwa nimeshalala, na pipa ya maji ilikuwa tupu, basi nikameza hivi hivi, bila maji."

Mama muganga akatikisa kichwa. Jambo lilikuwa wazi. Kidonge cha doksisiklini kilikauka katika njia ya chakula, kikashikamana na nyama yake na kuichoma. Haikuwa asidi ya tumbo, wala haikuwa gastriti. Akamukataza kumeza vidonge vile, akamwambia anywe maji na uji uliopoa, na jipu akalitunza kwa njia ingine. Baada ya siku chache aliweza kula tena.

Tulijiuliza sana: je, mashini ilikosa? Ilijibu neno iliyoulizwa. Hakuna mutu aliyeiambia habari ya kidonge, na yenyewe haikuuliza. Hapo ndipo somo letu linaanza.

2. UGONJWA WENYEWE NI NINI?

Chakula kinashuka kutoka koo mpaka tumbo kwa njia ya mufereji ambao vitabu vya Kiswahili vinauita umio. Kwa mutu mukubwa urefu wake ni karibu sentimita 25. Chini, mahali umio unapoingia tumboni, kuna pete ya nyama inayofunguka ili chakula kipite, kisha inafunga. Ni kama mulango unaoruhusu kuingia na kukataza kurudi.

Tumbo lina asidi kali. Wanafunzi wa kemia wanajua kipimo cha pH: maji safi ni 7, na kila hatua moja ya kushuka ni asidi mara 10 zaidi. Tumbo tupu liko karibu na 1 au 2. Basi asidi ya pH 1 inapita ile ya pH 4 mara 1,000. Tumbo limevikwa ngozi ya ndani inayovumilia ukali huo. Umio hauna kinga kama hiyo. Pete ikilegea, asidi inapanda na kuchoma. Kila mutu anaweza kusikia kiungulia siku moja moja baada ya kula sana, na hiyo siyo ugonjwa. Ni ugonjwa wakati unarudi kila mara, unasumbua usingizi na kazi, ao unaumiza umio.

Alama zake za kawaida ni mbili: moto nyuma ya mufupa wa kifua, na maji machungu yanayopanda mpaka kinywani, zaidi sana baada ya chakula ao wakati wa kuinama na kulala. Wengine wanakohoa usiku, wengine sauti inakauka.

Sasa tusahihishe neno moja. Sisi tunaita kila maumivu ya tumbo "gastriti". Lakini gastriti ni kuvimba kwa ngozi ya ndani ya tumbo lenyewe, si ya umio. Mara nyingi inaletwa na bakteria inayoitwa Helicobacter pylori, ambayo waganga wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, waliitambua katika mwaka 1982. Katika mwaka 1984 Marshall alikunywa bakteria hizo yeye mwenyewe ili kuonyesha zinaleta ugonjwa, na tumbo lake likashikwa kweli. Katika mwaka 2005 wote wawili walipewa zawadi ya Nobel. Gastriti inaweza kuletwa tena na dawa za maumivu kama vile ibuprofeni na diklofenaki, ambazo watu wanameza kama karanga.

Kwa hiyo moto mumoja unaweza kuwa na baba wengi: asidi inayopanda, bakteria, kidonge kilichokwama, dawa za maumivu, kansa, na hata moyo wenyewe.

3. MUGANGA ANAUTAFUTA NAMNA GANI?

Njia ya kwanza ni maswali. Ni rahisi, na inapita zote kwa faida.

Njia ya pili ni kujaribu dawa. Omeprazoli ilianza kuuzwa Sweden katika mwaka 1988. Inapunguza asidi, lakini haifungi ile pete. Muganga anaweza kuitoa kwa majuma machache na kuangalia kama mugonjwa anapona. Lakini mutu akipona, hiyo haihakikishi kabisa kwamba ni ugonjwa wa asidi kupanda, kwa maana vidonda vya tumbo pia vinatulia kwa dawa hiyo. Tena, mutu akiimeza mbele ya kupimwa ile bakteria, kipimo kinaweza kusema uongo.

Njia ya tatu ni endoskopi, yaani mupira mwembamba wenye kamera unaopita kinywani na kushuka ndani. Waganga wanagawa vidonda vya umio katika daraja nne zinazoitwa za Los Angeles, tangu A mpaka D. Daraja A ni mikwaruzo isiyopita milimita 5. Daraja D ni vidonda vinavyozunguka robo tatu ya umio ao zaidi. Lakini mushangae hapa: zaidi ya nusu ya wagonjwa wa asidi kupanda, umio wao unaonekana muzima kabisa mbele ya kamera.

Njia ya nne ni waya mwembamba unaopita puani na kukaa ndani ya umio saa 24, ukiandika pH bila kuacha. Waganga wanahesabu wakati ambapo pH ilikuwa chini ya 4. Kama ni chini ya asilimia 4 ya wakati wote, ni kawaida. Ikipita asilimia 6, ni ugonjwa. Kati ya hizo mbili, haijulikani wazi, lazima kutafuta zaidi. Tufanye hesabu: saa 24 ni dakika 1,440. Asilimia 4 ni karibu dakika 58, asilimia 6 ni dakika 86 na kidogo. Basi mutu muzima naye anaweza kuwa na asidi katika umio karibu saa nzima kwa siku, na asiwe mugonjwa.

4. AKILI BANDIA NI NINI, NA INAINGIA WAPI?

Akili bandia si roho, wala si mutu aliyejificha ndani ya telefone. Ni programu ya kompyuta ambayo imeonyeshwa mifano mingi sana mpaka inashika namna mifano inavyofanana. Mutoto mudogo anajifunza kutofautisha mbuzi na kondoo hivyo hivyo: anaonyeshwa, anakosea, anasahihishwa, anaonyeshwa tena.

Katika ugonjwa huu inaweza kusaidia mahali patatu. Kwanza, kuangalia picha za endoskopi. Mashini inaonyeshwa maelfu ya picha ambazo waganga wazoefu wameandika juu yake "hii ni muzima, hii ni daraja B, hii ni mwanzo wa kansa". Wajapani walionyesha kazi kubwa katika mwaka 2019: mashini yao, iliyofundishwa kwa picha 8,428, iliona kansa za umio 98 kwa 100. Pili, kusoma ile karatasi ndefu ya saa 24, ambayo muganga anachoka macho kuisoma na watafiti wanafundisha mashini kuihesabu. Tatu, kupanga majibu ya mugonjwa na kusema ni ugonjwa gani unaelekea zaidi.

Ile mashini ya telefone iliyojibu mwenzetu ni ya aina ingine kidogo. Imesoma maandiko mengi sana ya watu, ikajifunza kutabiri neno linalofuata. Ndiyo maana inasema vizuri hata wakati inakosa. Usemi muzuri si alama ya ukweli. Hata sisi katika mutihani wa mudomo tunajua hivyo.

5. JAMBO HILI SI JIPYA: HABARI YA LEEDS

Watu wengi wanafikiri hii ni ajabu ya miaka hii. Hapana. Katika mwaka 1972, kule Leeds katika Uingereza, muganga F. T. de Dombal na wenzake walijaribu kompyuta juu ya wagonjwa 304 wenye maumivu makali ya tumbo. Kompyuta ilisema kweli kwa asilimia 91.8. Muganga mukubwa zaidi wa kundi alisema kweli kwa asilimia 79.6. Watu wakashangaa, wakasema: kumbe waganga watapoteza kazi!

Lakini kompyuta ile ilipopelekwa katika hospitali zingine, haikufikia tena kipimo kile. Kisha, katika mwaka 1986, walitangaza kazi ya hospitali 8 za Uingereza: hapo ukweli wa waganga katika kutambua ugonjwa mara ya kwanza ulipanda kutoka asilimia 45.6 mpaka 65.3. Ni faida kubwa, lakini siyo 91.8. Tena sehemu ya faida hiyo ilitoka katika fomu ya maswali ambayo waganga walilazimishwa kujaza. Fomu ile iliwafundisha kuuliza vizuri, na mutu anayeuliza vizuri anajua zaidi, hata kabla kompyuta haijasema neno.

6. KWA NINI MASHINI NZURI INAHARIBIKA IKIHAMA MUJI?

Mwalimu wetu wa hesabu alitupa mufano. Hesabu hizi ni za ubao tu, si za hospitali yoyote.

Tuseme katika muji wa kwanza watu 100 wanakuja na moto wa kifua. Kati yao 60 wana ugonjwa wa asidi kupanda, 40 wana mambo mengine. Mashini inashika 9 kwa 10 za wagonjwa wa asidi, ni kusema 54. Kwa wale 40, inadanganyika mara 1 kwa 4, ni kusema 10. Jumla, imesema "asidi" kwa watu 64, na 54 kati yao ni kweli. Ni nzuri.

Sasa tuipeleke mashini hiyo hiyo katika muji wa pili, mahali bakteria na dawa za maumivu ni nyingi. Kwa watu 100, 20 tu wana ugonjwa wa asidi, 80 wana mambo mengine. Inashika 9 kwa 10, ni kusema 18. Inadanganyika 1 kwa 4 ya wale 80, ni kusema 20. Jumla, imesema "asidi" kwa watu 38, na 20 kati yao ni uongo. Zaidi ya nusu!

Mashini haikubadilika hata kidogo. Watu ndio waliobadilika. Kwa hiyo mashini iliyofundishwa kwa wagonjwa wa Ulaya, mbele ya kuiamini hapa Bunia, lazima ipimwe kwa wagonjwa wa Bunia.

7. MAJIRANI ZETU WA NAIROBI

Je, katika Afrika yetu ya mashariki kuna mahali walipoipima kazi hii kwa watu wetu? Ndiyo. Katika mwaka 2025 walitangaza kazi ya Penda Health, kundi la zahanati za Nairobi katika Kenya. Walihesabu ziara za wagonjwa 39,849 katika zahanati 15. Hawakuangalia moto wa kifua peke yake, bali kila ugonjwa unaoletwa zahanati.

Angalieni namna walivyopanga kazi. Mugonjwa hakusema na mashini. Alisema na muganga, naye muganga akaandika. Mashini ilisoma nyuma yake na kuwasha alama: kijani maana yake endelea, manjano maana yake angalia tena, nyekundu maana yake simama, fikiri mbele ya kuendelea. Uamuzi ulibaki kwa muganga. Nusu ya waganga walikuwa na mashini, nusu hawakuwa nayo.

Matokeo: wenye mashini walipunguza makosa ya kutambua ugonjwa kwa asilimia 16, na makosa ya kutoa dawa kwa asilimia 13. Tena, kadiri siku zilivyopita, waganga walianza kukumbuka wenyewe mbele ya mashini kuwakumbusha. Lakini walipouliza wagonjwa baadaye kama wamepona, tofauti kati ya makundi mawili haikuonekana wazi. Ni vizuri tuseme pande zote mbili, si ile inayotupendeza tu.

8. NA SISI HAPA BUNIA?

Muji wetu uko na waganga wa kweli. Iko Hospitali Kuu ya Rufaa, iko Centre Médical Evangélique, na Nyankunde haiko mbali, ambako watu walijenga tena kazi ya hospitali baada ya uharibifu wa Septemba 2002. Mashini haiji kuchukua nafasi yao. Inaweza kusaidia muganga anayekaa peke yake katika kituo cha afya cha mbali. Lakini tuliona vizuizi vitatu.

Kizuizi cha kwanza ni umeme na njia ya intaneti. Mashini bila umeme ni sanduku tu.

Cha pili ni luga. Mama wa kijiji akisema "moyo inaniwaka", anaweza kuwa anaonyesha kidole juu ya tumbo. Muganga anaona kidole. Mashini inasoma "moyo", na inaweza kukimbilia ugonjwa wa moyo. Mwingine akisema "niko na gastriti", mashini inaamini kwamba alipimwa, kumbe ni jirani ndiye aliyemwambia. Tena watu wanasema Kilendu, Kihema, Kialur, Kilugbara, Kibira. Nani amefundisha mashini luga hizo?

Cha tatu ni sisi wenyewe. Tunapenda jibu la haraka na la bure, kisha tunakimbia sokoni kununua vidonge. Kosa la mwenzetu halikuwa kuuliza mashini. Lilikuwa kuacha kuuliza baada ya hapo.

9. MANENO YA KUSHIKA

a) Kidonge kinamezwa na kikombe kizima cha maji, mutu akikaa ao akisimama. Asilale mbele ya nusu saa kupita. Kama pipa ni tupu, ngoja mpaka maji yapatikane, ao uombe jirani.

b) Mwenye kiungulia asijaze tumbo usiku. Akae saa mbili ao tatu mbele ya kulala. Kichwa cha kitanda kiinuliwe sentimita 15 mpaka 20 kwa matofali. Kulalia upande wa kushoto kunasaidia.

c) Mukikutana na alama hizi, musiulize telefone, muende kwa muganga siku hiyo hiyo: chakula kinakwama katika kumeza, kutapika damu ao choo cheusi kama lami, kukonda bila sababu, maumivu ya kifua yanayokwenda mukononi ao katika taya, pamoja na jasho na pumzi fupi. Hii ya mwisho inaweza kuwa moyo, na moyo haungoji. Na juu ya chakula kinachokwama, tukumbuke Tenwek, hospitali ya misioni kule Bomet katika Kenya, ambako waganga wanajulikana kwa kazi yao juu ya kansa ya umio. Wengi wanafika wakati wamechelewa. Wazazi wetu wasichelewe kwa sababu sisi tuliwaambia "ni gastriti tu".

d) Ukiuliza mashini, iambie yote: umri, siku ngapi, unakula nini, unameza dawa gani na namna gani. Kisha peleka jibu lake kwa muganga, usilipeleke sokoni.

Mwenzetu sasa ni muzima, na ndiye anayejaza maji ya pipa ya chumba chake kila jioni bila kutumwa. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Sisi tunaongeza: mashini inajua kujibu, lakini mama muganga yule alijua kuuliza. Siku mashini itakapojua kuuliza kama yeye, tutaipokea kwa furaha, na bado tutamuomba mama huyo aisimamie.

MASWALI

1. Taja tofauti kati ya gastriti na ugonjwa wa asidi kupanda.
2. Waya wa pH ulikaa saa 24 katika umio. pH ilikuwa chini ya 4 kwa dakika 72. Ni asilimia ngapi? Muganga atasema nini?
3. Rudia hesabu ya sehemu ya 6 kwa muji wa tatu, ambapo watu 40 kwa 100 wana ugonjwa wa asidi. Mashini itasema "asidi" kwa watu wangapi, na wangapi kati yao ni uongo?
4. Kwa nini kamera peke yake haitoshi kutambua ugonjwa huu?
5. Andika maswali matano ambayo ungemuuliza mwenzako mwenye moto wa kifua, mbele ya kumwambia neno lolote.

Majibu mulete kwa kundi letu mbele ya siku ya Ijumaa. Majibu mazuri tutayaandika katika namba inayokuja.